Joka Lililotazama Chooni

Joka langu la kwanza, mjomba aliliangalia, akalaza kichwa upande huu, akalaza upande ule, halafu akauliza: "Huyu mbuzi amemezwa na mpira wa maji, au yeye ndiye kaumeza mpira?"

Jamani! Nilikuwa nimelihangaikia tangu asubuhi, juu ya katoni ya sabuni, kwa penseli ya seremala, ulimi nje. Nikaiinua ile katoni nikaitazama upya. Ukweli lazima niuseme: alikuwa mbuzi.

"Bado linakuja," nikamwambia.

"Lije taratibu lisijikwae," akasema, akarudi kwenye kibao chake cha duka la dawa.

Mjomba wangu anaandika mabango. Ukipita mtaani kwetu, kinyozi, fundi viatu, mganga wa meno, wote wameandikwa na mkono wake, na herufi zake zimenyooka mpaka ukizitazama na wewe unanyoosha mgongo. Mimi nilikuwa nimekaa karakana kwake miaka miwili, namjazia. Kujaza maana yake yeye anapiga mstari, wewe unapaka rangi ndani ya mstari. Mstari wenyewe sikuwahi kupiga hata mmoja. Na mama, ambaye ni dada yake mkubwa, uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alikuwa ameshazungumza na binamu yangu anayeuza kava za simu, nianze kazi dukani kwake Jumatatu.

"Simu yenyewe huiachii mchana kutwa," mama alisema. "Si bora ukaziuze tu."

Halafu Jumanne ya wiki hiyo, asubuhi na mapema, ndiyo akaja Mwalimu. Mwalimu wa kung fu: mfupi, shingo hana, akikusalimia mkono unabaki na ganzi. Alikuwa amekodi bohari iliyokuwa ya magodoro, anafungua klabu yake Jumamosi saa nne asubuhi, watoto na wazazi wote wanakuja, na ukutani anataka joka la Kichina. Mita sita, kona hadi kona.

"Mnaweza?" akauliza.

"Tena vizuri," mjomba akajibu bila hata kupepesa.

Mwalimu akatoka. Mjomba akasubiri mpaka amevuka barabara, akanigeukia.

"Skrini," akaniita, maana hilo ndilo jina alilonipa, "joka la Kichina likoje?"

"Si umesema unaweza?"

"Nimesema tena vizuri. Kwani nimemtaja mtu?"

Nikaiweka simu chini kabisa, kitu ambacho huwa sifanyi, ili ajue sina utani. Nikasema, "Mjomba, nikijifunza kulichora, mstari napiga mimi."

Akaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye kidole gumba. Anapobandua rangi ujue anafikiri. "Sawa," akasema mwishowe. "Likitoka safi, Mwalimu akaridhika, mimi mwenyewe nitamwambia dada kwamba wewe ni mchoraji na unabaki hapa. Lisipotoka, Jumatatu ukauze kava, na sitaki kusikia kilio."

Na mjomba haogopi mtu duniani ila dada yake. Akisema atamwambia dada, hiyo ni ahadi nzito.

Basi nikajifunza. Nilipata video moja ya babu wa Kichina, ana kofia ya sufu na ukuta wa bluu nyuma yake, anachora joka kwa brashi huku anaongea Kichina mwanzo hadi mwisho. Sikuelewa neno, lakini mkono wake niliuelewa. Nikawa natazama, nasimamisha, nachora, naendelea. Sehemu zinazochosha naziruka. Nikagundua joka la Kichina ni mnyama wa michango: kila mmoja katoa chake. Mwili wa nyoka. Kucha za tai. Masikio ya ng'ombe, ndevu ndefu mbili za kambare, pembe zenye matawi kama mti mkavu, na magamba ya samaki.

"Na mabawa?" mjomba akauliza.

"Halina mabawa."

"Linarukaje?"

"Linaruka tu."

"Linaruka tu! Kuku ana mabawa mawili mazima na kuruka kunamshinda, hili lako linaruka tu."

"Mjomba, tazama mwenyewe." Nikamsogezea simu. Akaisukuma kwa kiwiko, mikono ina rangi, lakini jicho likabaki kwenye skrini kama dakika mbili nzima.

Kichwa hakikunisumbua sana, maana kichwa ni vitu vidogo vidogo vingi, na ukikosea kimoja vingine vinakufichia. Kilichonitesa ni mwili. Nikiupinda, unakuwa bomba lililovunjika. Nikiulainisha, unakuwa tambi. Mpaka Jumatano mchana nikakumbuka mbuzi wangu na mpira wa maji, nikasema ngoja. Nikauvuta ule mpira wa kumwagilia, nikaulaza chini karakana nzima, unapita chini ya meza, unazunguka ndoo, unarudi. Nikapanda juu ya ngazi nikautazama kutoka juu. Kumbe! Kitu kirefu kikipinda huku, lazima kijiandae kupinda kule. Nikaanza kuchora pale pale juu ya ngazi. Mjomba akaingia na kopo la rangi mkononi, akajikwaa kwenye mpira, akacheza ngoma moja mpaka ukutani, rangi haikumwagika hata tone.

"Nani kaweka joka njiani?" akafoka.

Mimi nikacheka mpaka nikashuka. Kaita joka mwenyewe! Nikamwonyesha katoni. Akaichukua akaiegemeza kwenye ukuta wa ndani, pale anapoweka kazi zinazosubiri kupelekwa kwa wenyewe.

Alhamisi tukaenda bohari. Kulikuwa bado kunanuka magodoro mapya. Ukuta mrefu, mweupe. Mwisho wa kulia kuna mlango mkubwa wa kuingilia, mwisho wa kushoto kuna kimlango cha choo. Mjomba akapiga miraba kwa uzi wa chaki, mimi nikauhamisha mchoro wangu mraba kwa mraba, na jamani, nilipiga mistari. Mimi! Mita sita za mistari!

Mwalimu akaja kutazama. "Safi. Lakini mbona linatazama chooni? Mimi nilidhani litatazama mlangoni, liwapokee watu."

Mjomba akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, kazi ya ukutani inaanza kushoto. Kichwa ni kama herufi kubwa. Umeshaona herufi kubwa ikakaa mwisho wa neno?"

Mwalimu akakubali. Ukiongea na mjomba kuhusu ukuta, lazima ukubali. Hiyo ndiyo sheria yake kubwa, nimeisikia mara elfu: kushoto kwenda kulia, ili mkono usipite juu ya rangi mbichi. Na kweli miaka yote hajawahi kuchafua herufi.

Ijumaa asubuhi rangi ikaanza. Mjomba akasema, "Mwili wako, kichwa changu."

"Tulikubaliana napiga mistari..."

"Umepiga. Sasa ni rangi. Kichwa ndicho watu wanachokitazama."

Nikachukua kopo langu la kijani. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia, akaanza. Nikwambie kitu: sikuwahi kumwona vile. Yule mtu wa herufi, mtu wa rula, alikaa pale saa nne nzima akiweka wekundu ndani ya pua, dhahabu kwenye nyusi, unywele mmoja mmoja. Kichwa kikawa hai. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akawa anakichungulia kwa jicho moja, kama mtu anayemtazama mtoto wake mchanga na haamini.

Mimi huku nilikuwa na magamba. Nilikata kifuniko cha ndoo ya plastiki nusu duara, ndiyo ikawa kipimo changu: weka, zungushia, jaza kijani, piga ukingo wa dhahabu, sogea. Kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa, toka shingoni. Mwanzoni nilielekeza upinde kulia, lakini kila gamba jipya likawa linakata la nyuma yake, linaacha mstari mbaya kama jino lililovunjika. Nikageuza kifuniko, upinde ukaelekea kushoto. Aah! Kila gamba likalalia lenzake, safi kama vigae. Nikawasha muziki kwenye simu nikaenda nayo. Saa saba mchana nilikuwa nimefika mkiani. Magamba mia tatu na kitu, yote yanang'aa. Miguu tu ndiyo ilibaki ya chaki.

Ndipo mama akaingia na chakula chetu.

Mama anauza samaki. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, aproni bado kiunoni, magamba mawili matatu yamemganda mkononi. Akasimama katikati ya bohari. Akatazama kichwa. Akatazama mkia. Akarudi kutazama katikati.

"Huyu mnyama anakwenda wapi?" akauliza.

"Huku dada, kushoto," mjomba akasema, kifua mbele. "Unaona hicho kichwa?"

"Kichwa nakiona, kizuri. Nauliza mnyama." Akaweka chakula chini, akausogelea ukuta, akapitisha kiganja hewani mbele ya mwili, toka kichwani kwenda mkiani. "Samaki ukimpapasa hivi, mkono unateleza. Ukiurudisha ndiyo anakukwaruza, na huko ndiko tunakopitisha kisu. Huyu wenu magamba yamefunguka kuelekea kichwani. Akiogelea hatua mbili maji yanamwingia, anafumuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo."

Nikachukua simu. Nikafungua ile video ya babu, nikaenda kwenye sehemu niliyoiruka, ile inayochosha, dakika kumi za magamba. Babu anaanzia mkiani. Anapanda kwenda kichwani, gamba la mbele linalalia la nyuma, na upinde wa kila gamba unatazama mkia. Nikatamani sakafu ifunguke.

"Mjomba," nikasema, "ni kwa sababu tumeanza kushoto."

"Kushoto hakuna kosa!"

"Kwenye herufi. Herufi hazilaliani."

Akaukaribia ukuta mpaka pua ikaribie kugusa. Halafu akasema taratibu, "Nani atajua?"

"Kila anayepara samaki," mama akajibu.

"Dada, hii ni klabu ya kung fu, si soko."

Na hapo hapo, kama aliyeitwa, Mwalimu akaingia. Mjomba akakohoa, akasimama mbele ya magamba kana kwamba anaweza kufunika mita sita. Mwalimu wala hakumwona. Alikuwa amefika kwenye kichwa, amefungua mikono yote miwili.

"Zuri!" akapaza sauti, bohari ikaitika. "Zuri, zuri, zuri! Nimeridhika. Kabisa!"

Mjomba akanitazama. Nikajua anachosema bila kusema. Mwalimu ameridhika, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na Jumatatu niko karakana, mchoraji, maisha yangu yote. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anabandua gamba mkononi, hanisaidii.

Halafu nikautazama ukuta, na nikwambie, ukishaona huwezi tena kuacha kuona. Nikamwona yule joka kila siku ananisubiri hapo, amefumuka kama mwavuli, na mimi najua.

"Mwalimu," nikasema, "magamba yamegeuka. Nimeyapaka kinyume."

Mjomba akafumba macho. Nikamweleza Mwalimu yote, na mkono wa mama, na babu wa kwenye simu. Akasogea, akatazama, uso ukaanza kushuka polepole. "Eeh," akasema. "Eeh, kweli. Sasa hata mimi naona." Akajishika kiunoni. "Lakini kesho saa nne watu wako hapa."

Magamba mia tatu. Rangi ya mafuta. Hata ningekuwa na mikono sita isingewezekana. Nikarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, nikapiga picha, sijui kwa nini, labda kwa sababu nikichanganyikiwa ndicho kitu mkono wangu unafanya. Nikaishika simu mbele yangu, na kidole gumba kikawa kimefunika kona ya kushoto ya skrini. Kimekifunika kichwa.

Jamani, jamani! Bila kichwa, mwili ulikuwa sawa! Ulikuwa unateleza vizuri kabisa, kutoka chooni kwenda mlangoni. Joka lilikuwa linakwenda mlangoni muda wote. Sisi ndio tulilibandika kichwa nyuma!

"Kichwa kihame!" nikapiga kelele. "Magamba yabaki, kichwa kihamie kulia! Huku kushoto tunaweka mawingu, joka linatokea mawinguni, ule unene wa shingo ya zamani hauonekani tena. Kule kwenye mkia mwembamba inakuwa shingo, nywele zinaifunika. Miguu bado ni chaki, naifuta naichora upya. Na linatazama mlangoni, Mwalimu, kama ulivyotaka!"

Mwalimu akanyakua simu, akaweka kidole gumba chake kama changu, akaanza kurukaruka, mtu mzima.

Mjomba peke yake hakusogea.

"Mawingu," akasema. "Juu ya kichwa changu."

Mawazo yangu hayakuwa yamefika huko. Saa nne nzima. Unywele mmoja mmoja.

"Mdogo wangu," mama akamwita, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa laini.

Mjomba akaenda kusimama mbele ya kichwa chake. Akakaa naye hapo kidogo. Halafu akasema bila kugeuka, "Skrini. Lete hiyo simu yako. Nipige picha naye."

Nikampiga saba. Kwenye zote amesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, na joka nyuma yake limetoa meno. Kisha akachukua brashi pana, akaichovya kwenye rangi nyeupe, akaiweka juu ya nyusi za dhahabu mwenyewe, kwa mkono wake. Sikuweza kutazama. Nilisikia tu: shwaa, shwaa.

"Unangoja nini?" akasema. "Kichwa cha kulia ni chako. Mimi nina mawingu."

Nilianza saa nane mchana nikamaliza jua likiwa bado kwenye bati. Chakula cha mama nilikula kwa kijiko, mkono wa kushoto. Pembe zenye matawi, masikio ya ng'ombe, ndevu za kambare zinapanda mpaka juu ya fremu ya mlango. Kichwa changu hakikuwa kizuri kama cha mjomba, hilo nasema wazi. Jicho moja lilitoka kubwa kidogo kuliko lenzake, linakutazama kama linakudai maelezo. Lakini lilikuwa linatazama mbele, na mwili wote ulikuwa unalifuata.

Jumamosi saa nne watoto waliingia wakikimbia, wakaliona juu yao, wakasimama ghafla wakagongana mlangoni kama viti vya plastiki. Mmoja akalisalimia shikamoo. Mama alikuja na aproni, akapitisha kiganja mbele ya mwili toka kichwani kwenda mkiani. "Sasa anateleza," akasema, akatoka nje kupiga simu. Nilimsikia anamwambia binamu amtafute mtu mwingine dukani. Mjomba hakuwa hata amefungua mdomo bado.

Halafu mama mmoja mwenye shule ya chekechea akamfuata mjomba, anataka tembo ukutani kwake, akamsifu kwa joka.

"Mimi nimechora mawingu," mjomba akamwambia. "Mchoraji ni huyo hapo, mwenye simu. Muulize yeye ana nafasi lini."

Yule mama akanigeukia, na mimi nimevuta pumzi nijibu kwa sauti ya kikazi kabisa, pale pale mtoto mmoja mwenye mkanda mweupe akanionyesha ukutani kwa kidole.

"Dada, mbona lina miguu mitatu?"

Nikahesabu. Mjomba akahesabu. Mwalimu naye akahesabu, kwa kidole. Katika kufuta chaki na kuchora upya, jamani, mmoja niliusahau.

"Wa nne uko mawinguni," mjomba akasema haraka.

"Hauko," nikasema. Nikampa yule mama wa tembo simu yangu aniandikie namba yake, nikaenda kuleta ngazi.